Timu Bila Wasichana ni Nusu Timu



Nimepata habari kutoka shuleni, nazo zimenifurahisha na kunihuzunisha kwa wakati mmoja. Furaha yangu ni kwamba chama cha taekwondo cha shule yetu kinataka kuwaalika vijana wa ng'ambo ya Ziwa Mweru, yaani upande wa Kongo, waje kushindana nasi kwa timu katika likizo ya Agosti. Huzuni yangu ni kwamba katika mkutano wa chama lilikatwa shauri kuwa wavulana ndio watakaocheza, na wasichana kazi yao iwe kupokea wageni, kupika ugali na samaki, na kushangilia. Mimi ni mwanafunzi wa zamani, sina kura katika mkutano huo. Lakini kalamu ninayo, na mhariri amenipa nafasi. Basi nasema wazi: shauri hilo libadilishwe kabla barua ya mwaliko haijavuka maji.

Sitaki kuandika kwa hasira, maana hasira hasara. Nitaeleza kwanza mashindano ya timu ni nini, kwa kuwa naona wengi wanayataja bila kuyajua. Kisha nitasema kwa nini wasichana wacheze. Halafu nitawajibu wanaopinga, mmoja mmoja, kwa heshima. Mwisho nitatoa shauri langu.

Taekwondo ni mchezo wa Korea, na jina lake lilitolewa mwaka 1955. Maana yake ni njia ya mguu na ngumi. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Seoul mwaka 1973, nayo yalikuwa ya wanaume tu. Wanawake walingoja miaka 14, mpaka 1987 huko Barcelona, ndipo wakapata yao. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Katika michezo ya Olimpiki taekwondo ilionyeshwa kwanza mwaka 1988 na 1992, kisha ikaingia kwa medali kamili Sydney mwaka 2000. Tangu siku hiyo ya kwanza kulikuwa na uzito wa aina nne kwa wanaume na nne kwa wanawake. Judo, wanaume walianza 1964, wanawake wakangoja hadi 1992. Ndondi, wanaume walianza 1904, wanawake wakangoja hadi 2012. Taekwondo iliingia mlangoni na wote wawili siku moja. Basi chama chetu kinapowaacha wasichana jikoni, hakifuati desturi ya mchezo huu, bali kinaivunja.

Sasa, mashindano ya timu. Aghalabu taekwondo ni mtu na mtu. Lakini tangu mwaka 2006 yamekuwapo mashindano ya Kombe la Dunia kwa timu za mataifa, za wanaume na za wanawake, na miaka ya karibuni zimeongezwa timu za mchanganyiko, wanaume na wanawake chini ya bendera moja. Namna yake ni hii. Wachezaji wa timu huingia uwanjani kwa zamu, na katika sehemu ya mchezo kocha anaweza kumwita mmoja atoke na kumpeleka mwingine hapo hapo, kama watu wanaopokezana kasia. Alama hazianzi upya anapoingia mtu mpya, bali huendelea. Ngumi ya kifuani ni alama 1, teke la kifuani 2, teke la kichwani 3. Teke la kugeuka hupata alama zaidi. Mwisho wa yote hapaulizwi nani alipata ngapi, huulizwa timu ilipata ngapi.

Naomba msomaji ashike neno hilo, maana hoja yangu imesimama juu yake. Katika mchezo wa mtu mmoja, ukimsahau mwenzako umemdhulumu yeye. Katika mchezo wa timu, ukimsahau mwenzako umejidhulumu na wewe. Alama ambazo hakupewa nafasi ya kuzipata zinakosekana katika hesabu yako.

Nitatoa mfano wa Afrika, watu wasije wakasema kuwa haya ni ya Korea na Ulaya. Côte d'Ivoire ilipata uhuru 1960. Tangu hapo hadi mwaka 2016 ilikuwa na medali moja tu ya Olimpiki, ile ya fedha ya Gabriel Tiacoh katika mbio za mita 400 mwaka 1984. Miaka 32 ikapita pasipo kitu. Nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 2002, kisha machafuko yakarudi 2010 na 2011. Lakini mwaka 2013, vumbi la vita likiwa bado halijatulia, mji wa Abidjan ulipokea mashindano hayo hayo ya Kombe la Dunia kwa timu, ya wanaume na ya wanawake. Hawakungoja wawe matajiri ndipo waalike watu.

Kisha ikaja tarehe 19 Agosti 2016 huko Rio de Janeiro. Cheick Sallah Cissé alikuwa nyuma katika fainali, akipambana na Mwingereza Lutalo Muhammad. Wakati ulikuwa umekwisha, imebaki sekunde ya mwisho, akageuka akapiga teke la kichwani. Ikawa 8 kwa 6. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya nchi yake katika Olimpiki. Hayo wengi mnayajua, maana picha zake zilizunguka dunia nzima. Lakini wachache wanakumbuka kwamba siku ile ile msichana wa nchi ile ile, Ruth Gbagbi, alipata medali ya shaba, na mwaka uliofuata, 2017, akawa bingwa wa dunia. Nauliza: kama Abidjan ingekuwa imesema wasichana wapike na kushangilia, medali ya pili ingetoka wapi?

Karibu nasi, Kenya ilimpeleka Faith Ogallo katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Binti huyu alikuwa mcheza mpira wa kikapu, akaanza taekwondo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma. Hakuzaliwa katika nyumba ya Wakorea. Alianza akiwa mtu mzima, mwanafunzi kama ninyi, akafuzu. Na Kongo yenyewe, hao tunaotaka kuwaalika, ilimpeleka msichana, Rosa Keleku, katika Olimpiki ya Rio. Basi tutawaandikia barua gani majirani zetu? Tuwaambie, njooni, lakini wasichana wenu waacheni nyumbani, maana sisi tumewaacha wetu jikoni?

Na hapa Zambia tunahitaji mfano gani zaidi? Barbra Banda, ambaye kabla ya kusifika kwa mpira alipigana ndondi, alifunga mabao matatu katika mchezo mmoja wa Olimpiki ya Tokyo, kisha akafunga matatu tena katika mchezo uliofuata. Timu ya taifa ya wanawake ilifika Kombe la Dunia mwaka 2023, jambo ambalo timu ya wanaume haijalifanya hata mara moja. Sisemi haya kuwaaibisha wavulana. Nasema ili ijulikane kwamba nguvu ya nchi ilikuwapo siku zote, nusu yake ikiwa imefungiwa ndani.

Sasa nirudi pwani yetu. Mtu akifika Kashikishi alfajiri, mitumbwi inapotia nanga, ataona nini? Atawaona wanaume wakivuta nyavu, naam. Lakini ataona pia mama zetu wakiingia majini mpaka magotini kupokea samaki, wakibeba mabeseni vichwani, wakianika chisense juani, wakiwageuza, wakiwalinda na mvua na kunguru, kisha wakiwapakia katika magunia kwenda Copperbelt. Nani hapa pwani angethubutu kusema kuwa mwanamke hana nguvu za miguu? Karo zetu nyingi zilitoka katika mabeseni hayo. Lakini mtoto wa mama huyo, akivaa doboki na kufunga mkanda, tunamwambia mchezo huu utamvunja!

Hapa sina budi kuungama jambo moja. Nilitaka kuandika makala haya bila kulitaja, lakini nikaona nitakuwa mnafiki.

Nilipokuwa darasa la kumi, chama chetu hakikuwa na mikeka. Tulifanya mazoezi kwenye nyasi nyuma ya mabweni, jioni jua likishuka ziwani. Tulikuwa wavulana kumi na kitu na wasichana watatu. Mmoja wao alikuwa binti wa mama mwuza chisense, mwembamba, mwenye maneno machache. Siku moja mwalimu alitupanga mimi na yeye. Mimi nilikuwa na mkanda wa kijani na kiburi chake. Nilisimama mikono chini, nikitabasamu kwa marafiki zangu. Sikuona teke likitoka. Lilinipata kifuani, nikakaa chini kwenye nyasi, pumzi hakuna, na shule nzima ikacheka.

Teke lile halikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kicheko. Basi nilipoinuka nikasema kwa sauti, "Msichana apigaye teke hivi ataolewa na nani?" Wavulana wakalishika neno lile. Wakaliimba bwenini, wakaliimba njiani kwenda maktaba, wakaliimba alipopita na ndoo. Baada ya majuma matatu hakuja tena mazoezini. Wale wawili nao wakaacha. Mwalimu aliuliza sababu, hakuna aliyejibu, na mimi nilinyamaza kuliko wote. Mwaka ule tulikwenda kushindana na shule moja ya mkoa huu, wavulana watupu, tukashindwa vibaya. Hatukuwa na hata mmoja aliyeweza kupiga teke kama lile.

Mwaka juzi nilimkuta sokoni Kashikishi. Ana watoto wawili na meza yake mwenyewe ya chisense. Alinitambua kabla sijamtambua. Akaniuliza, "Bado mnaendelea na mateke yenu?" Nikasema tunaendelea. Akacheka, akanipimia meda moja, akaongeza na kiganja cha nyongeza. Sikuwa na uso wa kumwomba radhi mbele ya wanunuzi. Basi namwomba hapa, ijapokuwa sijui kama gazeti hili litamfikia. Na kwa ninyi mlio shuleni sasa nasema hivi: msifikiri kwamba wasichana huacha mchezo kwa sababu hawaupendi. Waulizeni kwanza nani aliwaambia nini.

Nazijua hoja za wanaopinga, maana nyingine nilizisema mwenyewe zamani. Nitazijibu.

Kwanza, wanasema hakuna fedha. Timu mbili ni gharama mara mbili: vifaa mara mbili, chakula mara mbili. Hoja hii ina ukweli kidogo, lakini hesabu yake haijafanywa sawasawa. Uwanjani husimama watu wawili tu kwa wakati mmoja, mmoja mwekundu na mmoja wa buluu. Kinga za kifua na za kichwa ni za kupokezana. Jozi mbili au tatu za vipimo mbalimbali zatosha kwa mashindano yote, wawe wachezaji sita au ishirini. Kitu ambacho kila mtu awe nacho chake ni kinga ya meno, nayo si ghali. Vile vifaa vya umeme vinavyohesabu mateke vyenyewe, ambavyo huonekana katika Olimpiki, hatuvihitaji. Mchezo huu ulihesabiwa kwa macho ya waamuzi kwa miaka mingi kabla havijabuniwa. Na chakula? Wasichana watakula wacheze wasicheze.

Pili, wanasema wazazi hawatakubali, kwa ajili ya heshima. Heshima ni jambo kubwa, wala silidharau. Lakini mzazi aje alione vazi lenyewe. Doboki ni suruali ndefu hadi kifundo cha mguu, na koti lenye mikono mirefu. Ni vazi la staha kuliko sare ya mpira wa wavu. Mwenye kujifunika kichwa anaruhusiwa. Kimia Alizadeh wa Irani alipata medali ya shaba Rio mwaka 2016 akiwa amejifunika, naye alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata medali ya Olimpiki. Tena msichana hupambana na msichana, si na mvulana. Mzazi akielezwa haya na mwalimu wa kike kwa barua nzuri, na akialikwa siku ya mazoezi aone kwa macho yake, naamini wengi watakubali. Wasiokubali, tutaheshimu neno lao. Lakini wazazi hawajaulizwa. Chama kimewajibia.

Tatu, wanasema wasichana wataumia. Mchezo wowote una maumivu. Lakini taekwondo ina uzito wake, wepesi hupambana na wepesi. Ina kinga zake, na ina mwamuzi mwenye mamlaka ya kusimamisha. Kwa mashindano yetu ya kwanza mimi ningependekeza teke la kichwani lizuiwe kwa wote ambao hawajafikia mkanda wa buluu, wavulana na wasichana vilevile. Kama tunahofia kuumia, basi tuhofie kwa watoto wote, si kwa nusu.

Nne, wanasema wasichana wetu bado ni dhaifu, watatushindisha. Hii ndiyo hoja ya kweli. Zile nyingine ni nguo zake tu. Jibu langu ni fupi. Mwanafunzi dhaifu wa hesabu hatumtoi darasani, humwongezea mazoezi. Kama wasichana wetu ni dhaifu, ni kwa sababu hupewa uwanja baada ya wavulana kuchoka, jua likiwa limekwisha zama. Wapeni siku zao mbili kwa juma kuanzia sasa, kisha Agosti mseme kama ni dhaifu.

Tano, wanasema safari ni ya hatari na mpaka una mambo mengi. Hapa nakubali kabisa kwamba uangalifu unatakiwa. Ziwa letu halina mzaha, na kila familia ya pwani hii ina jina la mtu aliyechukuliwa na maji. Timu isivuke katika mtumbwi uliojaa kupita kiasi, wala pasipo maboya ya kuvaa kila mtu, wala siku ya upepo. Njia ya nchi kavu ipo, kupitia Chienge hadi Pweto, ambako mto Luvua hutoka ziwani. Ni ndefu zaidi, lakini mtu hufika. Hati za safari ziombwe mapema kwa serikali zote mbili, tusingoje juma la mwisho. Lakini tahadhari hizi ni kwa wote. Sijaona dhoruba inayochagua.

Sasa nije kwenye jambo jingine ambalo halikuzungumzwa katika mkutano, nami naliona ni kubwa sawa na lile la wasichana.

Mwaka 2017 mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika yalileta maelfu ya watu upande huu wa mpaka. Walipokelewa kwanza Kenani, kisha mwaka 2018 ikafunguliwa Mantapala, humu humu wilayani Nchelenge. Watoto wao wamekua hapa. Wengine wamo shuleni kwetu, na kama si wao pengine ukurasa huu wa Kiswahili usingekuwa na wasomaji wengi kama ulio nao. Nasikia kuna wanaosema kuwa siku ya mashindano vijana wa Mantapala wakichaguliwa wawe timu yao ya tatu, "timu ya wakimbizi". Wengine wanasema wawekwe upande wa Kongo, kwa kuwa ndiko walikotoka.

Mimi napinga yote mawili. Anayekaa nawe benchi moja darasani, akala nawe ugali mmoja, akafanya mtihani mmoja, huyo ni wa timu yako. Kumpeleka ng'ambo asimame dhidi ya wanafunzi wenzake ni kumkimbiza mara ya pili. Nataka mkumbuke jina la Parfait Hakizimana. Ni Mrundi aliyempoteza mama yake katika shambulio alipokuwa mtoto, naye mwenyewe akajeruhiwa mkono usipone. Alikimbilia Rwanda, akaishi katika kambi ya Mahama, na humo akaanzisha mafunzo ya taekwondo kwa watoto wa kambini. Mwaka 2021 alishiriki michezo ya Paralimpiki ya Tokyo katika timu ya wakimbizi, mwaka ambao taekwondo ilichezwa huko kwa mara ya kwanza. Duniani iko timu ya wakimbizi kwa sababu wapo watu wasio na bendera ya kusimama chini yake. Lakini hapa shuleni bendera ipo, ni ya shule, na mtoto wa Mantapala ameivaa kifuani kila siku ya juma.

Wala lugha isiwe kisingizio. Siku hiyo patasikika Kibemba, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Lakini uwanjani amri ni za Kikorea: "sijaki", anzeni, "kalyo", achaneni, "kumani", basi. Si lugha ya mama ya mtu yeyote kati ya Mweru na Tanganyika, kwa hiyo wote wako sawa. Nje ya uwanja, wanafunzi wetu wa Mantapala ndio watakaotufaa kuliko wote, maana wao wanajua maneno ya pande zote mbili.

Tena Kiswahili si mgeni pwani hii. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa misafara kutoka mashariki, akiwa ameishi miaka mingi. Ng'ambo kuna mji uitwao Kilwa, na upande wetu kisiwa kiitwacho Kilwa, mbali sana na ile Kilwa ya bahari. Watu wamevuka maji haya kwa biashara, kwa ndoa, kwa vita na kwa kukimbia vita. Samaki nao huvuka bila hati. Serikali yetu hufunga uvuvi kila mwaka tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na samaki anayezaliwa upande mmoja huliwa upande wa pili. Iliyobaki ni kuvuka kwa ajili ya mchezo.

Basi hili ndilo shauri langu kwa chama na kwa mwalimu wa michezo.

Kila upande ulete wachezaji sita, wavulana watatu na wasichana watatu, katika uzito wa aina tatu: wepesi, wa kati na wazito. Mvulana apambane na mvulana, msichana na msichana. Alama zote za mapambano sita zijumlishwe pamoja, na kombe liwe moja tu. Yasiwepo makombe mawili, kubwa la wavulana na dogo la wasichana, maana hiyo ni njia nyingine ya kuwarudisha jikoni. Upande utakaokosa mchezaji wa pambano lolote upoteze pambano hilo. Sharti hili liandikwe katika barua ya mwaliko, ili wenzetu wa ng'ambo wajiandae.

Wachezaji wachaguliwe kwa kushindana, mbele ya watu wote, katika wanafunzi wote wa shule, awe mzaliwa wa Nchelenge, wa Kisiwa cha Isokwe au wa Mantapala. Kazi ya kupokea wageni na kupika igawanywe kwa zamu, wavulana kwa wasichana. Mvulana asiyejua kusonga ugali anaweza kubeba maji na kuni. Na sisi wanafunzi wa zamani tusikae kushangilia tu. Tununue zile kinga za kifua. Nimekwisha mwandikia mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa zamani, nami nimetoa fungu langu la kwanza. Namwomba kila msomaji aliyepita shule hii atoe chochote, hata kama ni bei ya meda moja ya chisense.

Wako watakaosema kuwa huyu mzee anatupangia mambo yetu. Sawa, ninyi ndio wenye chama. Lakini mimi nimekwisha kuona chama kisicho na wasichana kilivyokuwa, na nilikuwa mmoja wa waliokifanya kiwe hivyo. Tulikuwa na mtu mwenye teke zuri kuliko sisi sote, tukamfukuza kwa wimbo. Mwenye macho haambiwi tazama, na ninyi mna macho. Kaeni tena, pigeni kura tena, na safari hii wasichana wawemo mkutanoni wakiwa na kura zao.

Nitakuja Agosti, Mungu akipenda. Nikiona timu ya watu sita imesimama kwenye mstari, watatu na watatu, nitapiga makofi mpaka viganja viume. Na huyo mama wa sokoni, kama atakubali, nitamletea kiti akae mbele.

Ndimi wenu,

Mwanafunzi wa Zamani